Kuandika Daftari la Mapokezi katika Kompyuta

Daftari la mapokezi ndilo nguzo ya chama cha msingi. Mkulima akifikisha mazao yake mizanini, haki yake hulindwa na mstari mmoja ulioandikwa sawasawa. Daftari hilo linapohamishiwa katika kompyuta, haki hiyo haibadiliki. Kinachobadilika ni namna ya kuiandika.

Njia nyepesi ni faili la maandishi matupu liitwalo CSV, ambalo husomeka katika kompyuta ya aina yoyote. Mstari wa kwanza hutaja majina ya safu. Kila mstari unaofuata ni wa mwanachama mmoja, na alama ya mkato hutenga safu na safu:

namba,jina,kijiji,kilo
00417,Asha Juma,Mtakuja,920
00418,Petro Mushi,Mtakuja,1250

Yafaa ieleweke kwamba kila mstari sharti uwe na idadi ile ile ya safu, kwa mpangilio ule ule. Kompyuta haijui kijiji wala kilo. Huhesabu mikato tu. Iwapo katibu ataandika 1,250 kama alivyozoea daftarini, kompyuta itaona safu mbili, yaani 1 na 250, na Petro atahesabiwa kilo moja. Hivyo jasho la msimu mzima litapunjwa kwa mkato mmoja.

Kwa hiyo makatibu wanapaswa kuzingatia mambo manne. Kwanza, tarakimu ziandikwe bila mkato wa maelfu. Pili, maneno yenye mkato ndani yake yafungwe kwa alama za mtajo, kama "Mtakuja, Kati". Kanuni hii imo katika waraka wa kimataifa RFC 4180 wa mwaka 2005. Tatu, tarehe ianze na mwaka, kama 2024-04-03, kwa sababu 03/04/2024 mmoja huisoma Aprili na mwingine Machi. Nne, faili linapofunguliwa katika programu ya majedwali, safu za namba za uanachama na za simu zichaguliwe kuwa maandishi. La sivyo sifuri za mwanzo huweza kufutwa, na 00417 ikawa 417.

Kabla ya faili kupelekwa Chama Kikuu, katibu na mjumbe mmoja wa kamati walinganishe idadi ya mistari na jumla ya kilo na zile za daftari la mizani. Zikitofautiana, kosa litafutwe kabla ya malipo. Daftari la karatasi nalo litunzwe, maana ndilo shahidi wa mkulima.