Kompyuta Mpya, Skrini Nyeusi

Feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini ya kompyuta iliyounganishwa leo imebaki nyeusi. Mara nyingi mchawi ni RAM.

RAM za aina ya DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, ila pengo lao halikai mahali pamoja; ubao mama wa moja hauipokei nyingine. Isilazimishwe.

Aina ikiwa sahihi, subira kwanza: DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza, ubao mama huweza kuipima kwa dakika kadhaa. Skrini ikigoma bado, kibaki kipande kimoja tu cha RAM. Penye nafasi nne, kwa kawaida kikae kwenye ya pili kutoka kwenye prosesa. Kisukumwe mpaka kishikizo kilie “ta!”

Skrini ikiwaka, RAM ikasoma kasi ya 4800 ilhali boksi limeandikwa 6000, si mbovu: mpangilio wa kasi wa XMP au EXPO haujawashwa kwenye BIOS.