JE, WAIJUA NAMBARI YAKO YA SIMU?

Wengi wetu tukisikia neno "kiambishi" moyo hupiga kwa kishindo, maana tunakumbuka Karatasi ya Pili na yale mambo ya kuchanganua vitenzi. Usitie shaka, leo sina haja na vitenzi. Nataka kueleza viambishi ambavyo hata yule anayepata D huvitumia kila siku, yaani zile tarakimu za mwanzo wa nambari ya simu.

Nambari ya rununu ikiandikwa kamili huanza na 254 ikifuatwa na tarakimu 9. Hiyo 254 ni Kenya. Majirani zetu ni Tanzania 255, Uganda 256, Burundi 257 na Rwanda 250. Anayezigawa ni Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulioko Geneva, nao uliipa Afrika karibu yote misimbo inayoanza na 2. Misri ina 20 na Afrika Kusini 27, tarakimu mbili tu. Ajabu ni kwamba Greenland, nchi ya barafu, nayo imo humu kwetu: msimbo wake ni 299! Ile alama ya kujumlisha (+) husimama badala ya tarakimu za kutokea nje ya nchi, ambazo hapa Kenya ni 000.

Sasa tuje kwa sifuri, maana ndiyo inayosumbua watu. Sifuri ya 07 si mali ya nambari yenyewe. Kazi yake ni kama kupiga hodi: inaiarifu mitambo kwamba unampigia mtu aliye humu humu nchini. Ukishaweka 254, hodi imekwisha pigwa, kwa hivyo sifuri huondoka. 0722 inakuwa 254722, wala si 2540722. Kuna mama jirani yetu ambaye binti yake alienda kufanya kazi Riyadh akiwa ameandikiwa nambari ya nyumbani kwenye karatasi, 254 na sifuri juu yake. Mama ana simu ya mulika mwizi, hana intaneti. Karibu mwezi mzima alikuwa akilia kwamba mtoto amepotea Uarabuni, kumbe mtoto anapiga kila Ijumaa na simu haiingii. Sifuri moja tu, jamani!

Zamani, kabla ya rununu, kiambishi kilikuwa kinataja mji. Katika miaka ya 1990 Nairobi ilikuwa 02, Mombasa 011, Kisumu 035, hapa kwetu Nakuru 037 na Eldoret 0321. Wazee walizijua kwa moyo kama sisi tunavyojua majina ya wachezaji. Miaka ya 2000 zilibadilishwa: Nairobi ikawa 020, Mombasa 041, Nakuru 051, Eldoret 053 na Kisumu 057. Hata hivyo ukitembea mjini ukatazama mabango ya maduka yaliyochakaa, bado utaziona zile za kale.

Rununu nazo zilipoenea kila kampuni ilipewa fungu lake. 0722 ilikuwa ya Safaricom, na 0733 ilikuwa ya Kencell, ambayo baada ya kubadilisha jina mara kadhaa ikawa Airtel mwaka wa 2010. Hebu tupige hesabu kidogo. Baada ya 0722 hubaki tarakimu 6, kwa hivyo fungu hilo haliwezi kuzidi nambari 1,000,000. Mafungu ya 07 ni 100, toka 0700 hadi 0799, yaani nambari 100,000,000 kwa jumla. Ni nyingi, lakini siku hizi mtu mmoja ana laini mbili au tatu, na hata mashine zina laini zake. Ndiyo maana mwaka wa 2019 zikaja za 01: Safaricom wakapata 0110 na 0111, Airtel wakapata 0100, 0101 na 0102.

Hapo ndipo babu yangu aliponaswa. Ndugu yake aliwahi kufanya kazi bandarini, na babu alimpigia kwa 011 miaka nenda miaka rudi. Siku moja simu ikalia, nambari 0110. Mwenye kupiga akadai yuko hospitalini Mombasa na kwamba yule ndugu amelazwa, zinatakiwa shilingi 3,000 upesi. Babu alipoona 011 hakuuliza la pili. "Hii ni Mombasa kabisa," akasema, akatuma. Dakika kumi baadaye simu ya yule mtu ilikuwa imezimwa, naye ndugu mtu alikuwa kwake Likoni anakunywa chai. Nilimweleza babu kuwa 0110 haina mji. Mwenye nayo anaweza kuwa Lodwar au hata nyuma ya soko letu. Alinisikiliza, kisha akauliza kwa nini basi waliirudisha 011 ya watu. Kusema kweli, swali lake si baya.

Wala kampuni yenyewe huwezi kuitambua kwa hakika. Tangu Aprili 2011 mtu anaweza kuhamia kampuni nyingine akabaki na nambari yake ile ile, kwa hivyo 0722 ya leo huenda iko Airtel.

Tena, ukipata simu iliyolia mara moja ikakatika, nayo ina msimbo wa nchi ambako huna mtu, usikimbilie kuirudia. Gharama ni yako, na wapo wanaopiga hivyo makusudi ili urudie.

Zipo nambari fupi zisizohitaji msimbo wowote. Polisi ni 999 au 112, na mtoto anayeteswa, au anayemjua mwenzake anayeteswa, hupiga 116 bila malipo.