Njia ya baiskeli ikiwa mbovu, umwambie nani?

Kule tulikotoka, baiskeli ilikuwa chombo cha kazi. Kongo, ambako wengi huiita kinga, ilibeba ndizi, makaa na hata mgonjwa. Kambini ilibeba madumu ya maji. Hapa Märsta ina kazi nyingine: kumfikisha mtoto shuleni, kukupeleka stesheni ya treni, au kukuwahisha zamu ya alfajiri Arlanda saa ambayo mabasi bado ni machache. Asiye na leseni ya gari anaweza kwenda kazini kwa baiskeli, ilimradi njia iwe salama.

Lakini taa za njia ya chini ya barabara zikizimika mwezi wa Novemba, wakati giza linaingia kabla ya saa kumi jioni, wengi wetu tunafanya nini? Tunamwambia mtoto aache baiskeli, kisha tunanyamaza. Tumezoea kwamba kupeleka malalamiko ofisini ni kujitafutia matatizo. Wengine wanaogopa kwamba jina lao litaandikwa mahali na kibali cha kuishi kitaharibika.

Tuseme wazi: kuripoti njia mbovu hakugusi kibali chako, posho yako wala nyumba yako. Wanaoshughulikia barabara si Migrationsverket. Huhitaji kuwa raia, na si lazima ujue Kiswidi vizuri. Hapa kuripoti huhesabiwa kama msaada, kwa sababu fundi hawezi kutengeneza asichokijua.

Kwanza, jua njia ni ya nani

Njia nyingi za baiskeli ndani ya mji ziko chini ya kommun, yaani manispaa. Kwetu ni Sigtuna kommun, ambayo ofisi zake kuu ziko hapa Märsta. Barabara za serikali zinasimamiwa na Trafikverket. Mfano ni barabara namba 263 inayotoka upande wa Arlanda, ikapita Märsta kwenda Sigtuna. Njia zilizo ndani ya ua wa majengo ya kupanga kwa kawaida ni za mwenye nyumba. Ukipeleka barua kwa asiyehusika, jibu linachelewa. Kama hujui, uliza mapokezi ya kommun: “Vem ansvarar för den här vägen?” Maana yake: ni nani anayehusika na njia hii?

Kitu kimeharibika

Taa imezimika, kuna shimo, kuna vioo vilivyovunjika, au barafu haijamwagiwa kokoto. Hii huitwa *felanmälan*, taarifa ya ubovu. Unaweza kuituma kwa simu au kwenye tovuti ya kommun. Taja mahali kamili, siku na saa, na hatari iliyopo. Piga picha kama unaweza. Maneno machache yanatosha:

“Belysningen är trasig i gångtunneln vid … Det är mörkt och farligt för barn som cyklar till skolan.”

Yaani: taa ni mbovu kwenye njia ya chini iliyo karibu na …; kuna giza na ni hatari kwa watoto wanaoendesha baiskeli kwenda shule. Kwenye nukta, andika jina la mtaa au shule.

Unataka kitu kipya

Kivuko kipya, njia iliyotenganishwa na magari, au mahali pa kufungia baiskeli si ubovu, ni ombi. Hapo andika barua au barua pepe kwa kommun, kisha uliza *diarienummer*, namba ya faili. Weka namba hiyo vizuri. Ukipiga simu baada ya wiki kadhaa, hutaanza hadithi upya; utataja namba, nao watajua jambo limefikia wapi.

Baadhi ya kommun hupokea pia *medborgarförslag*, pendekezo la mkazi. Pale njia hii ilipo, yeyote aliyeandikishwa kuishi katika kommun hiyo anaweza kuitumia, hata mtoto na hata asiye raia. Na kommun inapopanga kujenga nyumba au kubadili mtaa, kabla ya kuamua kuna kipindi cha *samråd*, yaani kuwasikiliza wakazi. Huo ndio wakati mzuri wa kuuliza: njia ya baiskeli itapita wapi? Kuchora mstari kwenye ramani ni rahisi kuliko kuvunja lami baadaye.

Swali moja linaweza kubadili mji

Mji wa Karlskoga ulijiuliza: theluji ikianguka, kwa nini tunaanza na barabara za magari, wakati wanaotembea na kuendesha baiskeli, wengi wao wanawake, ndio wanaoteleza na kuumia? Wakabadili mpangilio, wakaanza na njia za miguu na za baiskeli, hasa zinazoelekea shule za chekechea. Baadaye miji mingine ya Uswidi ilifuata. Hawakuhitaji barabara mpya. Walibadili tu nani ahudumiwe kwanza.

Msiende peke yenu

Barua ya mzazi mmoja husomwa. Barua yenye majina ya wazazi 20 wa shule moja huzungumzwa mkutanoni. Waambieni majirani Waswidi, Wasomali, Waarabu: shimo haliulizi mtu katoka wapi. Kuna pia Cykelfrämjandet, chama cha waendesha baiskeli cha nchi nzima kilichoanzishwa mwaka 1934.

Kumbukeni na kura. Mwenye miaka 18 ambaye si raia, akiwa ameandikishwa Uswidi miaka 3 mfululizo kabla ya uchaguzi, anapiga kura ya kommun na ya mkoa. Wanaoamua bajeti ya njia zetu ndio hao tunaowachagua.

Nasi tutimize upande wetu: gizani, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na kofia ngumu kwa kila mtoto chini ya miaka 15, kama sheria inavyotaka.

Wiki hii, chagua sehemu moja inayokutia hofu kila mtoto wako anapopita. Ipige picha, kisha iripoti. Kama Kiswidi kinakusumbua, njoo na picha hiyo ofisini kwetu, tuandike pamoja.