Mchoro Usituzibe Masikio

Mwanafunzi anayesomea uundaji wa programu za kompyuta hufundishwa kuchora kabla ya kuandika. Huchora visanduku, akaviunganisha kwa mistari, kisha akatia alama zilizokubaliwa kote duniani. Mfumo huo wa alama, UML, ulibuniwa na Booch, Rumbaugh na Jacobson, ukaidhinishwa na shirika la OMG mwaka 1997. Waasisi wake waliuita lugha. Basi sisi walimu wa isimu tuna haki ya kuuliza: ni nani anayesema, na ni nani anayesikia?

Tuchukue mfano wa Garsen. Tuseme wanafunzi wameagizwa kubuni programu ya kuhifadhi kumbukumbu za ardhi katika delta ya Mto Tana. Huko Wapokomo hulima kandokando ya mto, nao Waorma huleta mifugo kunywa maji wakati wa kiangazi, wakipitia njia ziitwazo malka. Mchoraji aliyeketi Nairobi ataandika "Shamba" na "Malka" katika visanduku viwili, aviunganishe kwa alama ya almasi iliyojazwa wino. Mchoro utapendeza, na yamkini ukamfaulisha mtihani.

Lakini almasi hiyo ina maana yake. Yasema kwamba malka ni sehemu ya shamba moja tu, na shamba likifutwa, malka nayo hufutwa. Kwa mstari mmoja, njia ya maji ya jamii nzima imegeuzwa kuwa kipande cha shamba la mtu. Hilo si kosa dogo mahali ambapo ugomvi wa ardhi na maji, uliochochewa pia na siasa, uliangamiza watu zaidi ya 100 kati ya Agosti 2012 na Januari 2013.

Sisemi michoro itupwe. Mchoro mzuri huanzisha mazungumzo. Mchoro unaotumiwa vibaya huyafunga. Mzee wa Garsen hajui maana ya almasi, kwa hivyo hawezi kuipinga, na kimya chake huhesabiwa kuwa idhini.

Dawa yake ni nyepesi. Kila mstari na usomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya mkulima na mfugaji: "Malka hii ni ya shamba hili peke yake." Mfugaji atakanusha papo hapo, na kosa litasahihishwa kwa kifutio, kabla halijaingia kwenye kompyuta. Walimu wenzangu, mchoro usiosomeka hivyo tusiupe alama. Kuuliza si ujinga.