Fahamu: King'ora cha tahadhari husikika hadi wapi?

Agosti 8, 2023, moto uliuteketeza mji wa Lahaina, Hawaii, na kuua watu wapatao 100. Ving'ora vya tahadhari havikulia.

Vingelia, vingesikika hadi wapi? Nguvu ya king'ora hupimwa kwa desibeli, mita 30 kutoka kilipo. Kwa makadirio yanayotumika Marekani, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 10: chenye desibeli 120 hubaki na 90 hivi ukiwa mita 240. Upepo mkali na majengo huipunguza zaidi. Aliyelala ndani, madirisha yamefungwa, feni inanguruma, huenda asisikie chochote. Ving'ora hivi hulenga walio nje.

King'ora cha Chrysler cha miaka ya 1950, kilichoendeshwa kwa injini ya V8, kilifikia desibeli 138. Hata kelele hiyo haitoshi. Mamlaka zipige ving'ora mapema, na zitume ujumbe wa simu pia.