Kijana mwenye ulemavu wa akili akimaliza shule, aende wapi?

Kila mwaka shule za msingi zinapofunga, wapo vijana wanaorudi nyumbani bila kusubiri matokeo yoyote. Ni wale waliokuwa kwenye kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili. Wengi wao hawafanyi mtihani wa Darasa la Saba, kwa hiyo hakuna sekondari wanayopangiwa. Kijana anarudi akiwa na miaka 16 au 17, wakati mwingine hata 19, na mzazi anabaki na swali moja: sasa nimpeleke wapi?

Mzazi anayeuliza hivyo hutegemea kutajiwa chuo. Vyuo vipo na nitavitaja. Lakini nisikufiche, msikilizaji: hata akifundishwa vizuri chuoni, ufundi wake utaendelea au utakufa kutegemea watu anaorudi kuishi nao.

Kwanza tuelewane maneno

Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu mzima aliyekuwa anaendesha maisha yake kama kawaida, na wengi wakitibiwa hupata nafuu. Ndiyo kazi ya Hospitali ya Mirembe hapa Dodoma. Ulemavu wa akili huanza utotoni: mtoto huchelewa kujifunza, kuelewa na kujihudumia, na hali hiyo anaishi nayo. Hakuna kidonge cha kuiondoa. Kama pia ana kifafa au anasumbuliwa na mawazo, hilo linatibika na apelekwe hospitali.

Chanzo kinaweza kuwa mama kukaa na uchungu muda mrefu hadi mtoto akakosa hewa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, mama kukosa madini joto akiwa mjamzito, au hali ya kuzaliwa nayo kama sindromu ya Down. Mara nyingine chanzo hakijulikani. Laana ya ukoo haimo.

Mkoa wetu una historia kwenye elimu maalum. Shule ya wasioona ya Buigiri, wilayani Chamwino, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki likaanzisha shule ya viziwi Tabora. Wenye ulemavu wa akili wao walisubiri hadi miaka ya 1980. Kwa maoni yangu hilo si la kushangaza: asiyeona anaweza kusimama mbele ya kiongozi akadai haki yake mwenyewe. Huyu wetu mara nyingi anahitaji mtu wa kusema pamoja naye, na nyumba nyingi zilinyamaza kwa aibu.

Vyuo, na mipaka yake

Ofisi ya Waziri Mkuu inasimamia vyuo vya ufundi stadi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu. Kinachojulikana zaidi ni Yombo, Dar es Salaam. Kwa sisi wa kanda ya kati, cha jirani ni Sabasaba, Singida. Kabla hujapanda basi, muone Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako. Yeye ndiye atakayekueleza utaratibu wa maombi, na fani ipi inamfaa kijana asiyejua kusoma.

Kuhusu ajira, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri. Ila huku Bahi, Kongwa au Mpwapwa, waajiri wa ukubwa huo ni wa kuhesabu kwa vidole. Kijana wetu kwa kawaida atafanya kazi ya nyumbani kwao au ya jirani.

Ndiyo maana napata shida na mpango wa kumfundisha kijana wa kijijini kufuma mazulia kwa mashine ambayo hataiona tena. Tazama kwanza kazi iliyopo nyumbani: kuku wa kienyeji, bustani ya mchicha, karanga, alizeti, mlenda wa kukausha. Kisha muombe mwalimu wa kitengo afundishe hiyo hiyo, ili shule na nyumba zivute kamba upande mmoja.

Mfano wa mlenda

Tuchukue mlenda, kwa kuwa kila nyumba ya Ugogo inaujua. Kwetu sisi ni kazi moja. Kwa kijana mwenye ulemavu wa akili ni kazi nyingi zilizofungwa pamoja: kuchuma, kuchambua, kuanika, kugeuza, kutwanga, kuchekecha, kupima, kumimina kwenye mfuko, kufunga. Ukimwambia "tengeneza mlenda" atasimama tu, na wewe utasema hawezi.

Walimu wa elimu maalum huvunja kazi vipande hivyo na kufundisha kimoja kimoja. Ipo na njia ya kuanzia mwisho. Wewe fanya yote, mwachie kufunga mfuko peke yake. Akifunga, kazi imekamilika mikononi mwake, na furaha yake utaiona usoni. Akishazoea, mwachie kumimina na kufunga. Baadaye kupima, kumimina na kufunga. Unarudi nyuma hivyo hivyo, hata kama hatua moja inachukua mwezi.

Usibadilishe vifaa. Kikombe cha kupimia kiwe kile kile, kikae pale pale. Na watu wa nyumbani wakubaliane maneno: mama akisema "funga", kaka asiseme "kaza", bibi naye asije na lake. Kumfanyia kila kitu kwa huruma, jambo ambalo mabibi zetu hulipenda sana, humrudisha alikotoka.

Pesa nazo zina njia yake. Asiyejua kuhesabu anaweza kujua rangi. Funga mifuko yote kwa bei moja ya shilingi 1,000, mfundishe kwamba mfuko mmoja ni noti moja ya buluu. Hakuna chenji, hakuna hesabu. Mwanzoni mtu wa nyumbani akae karibu, kwa sababu wapo wateja wasio na haya.

Kazi au utumwa?

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Vijijini kwetu wapo vijana wa aina hii wanaochota maji nyumba tano, wanachunga ng'ombe wa watu, wanapasua kuni, na malipo ni sahani ya ugali. Watu husema "anajifunza kazi". Mafunzo yana mwisho, na kazi ina ujira. Kama jirani angemlipa kijana mwingine, amlipe na huyu.

Kwa mabinti hatari ni kubwa zaidi. Mfundishe majina halisi ya sehemu za mwili, kusema "hapana" kwa sauti, na nani wa kumkimbilia. Likitokea jambo, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwa aliye chini ya miaka 18, piga 116 bure. Msimalize kwa mbuzi.

Mzazi naye asaidiwe

Mama anayemlea peke yake huchoka, na mtu aliyechoka hafundishi. Wazazi wawili watatu wenye hali moja wakipeana zamu ya kukaa na vijana, kila mmoja anapata siku ya kwenda shambani au gulioni. Kikundi hicho kinaweza pia kuuliza mkopo wa halmashauri usio na riba. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 2 ni za watu wenye ulemavu. Muone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, umuulize mapema nani atasaini na nani atasimamia marejesho pale kijana asipoweza mwenyewe.

Shirikisha ndugu zake mapema pia, siyo siku ya msiba wako. Kwenye kikao cha ukoo itajwe wazi kuku ni wa nani, na nani ataishi na kijana huyo.

La mwisho ni karatasi. Kama hana cheti cha kuzaliwa, kifuatilieni. Akifikisha miaka 18, apelekwe kusajiliwa NIDA kama wenzake. Bila namba hiyo hawezi kusajili laini kwa jina lake, na pesa ya mlenda wake itaendelea kuingia kwenye simu ya mtu mwingine.