Viwavi wa msituni: watambue kabla ya kuwagusa, kuwala au kuwachoma

Mvua ndefu zinapokolea Uasin Gishu na kaunti jirani, miti huchipua na viwavi huongezeka. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia kwenye mahindi ya Bonde la Ufa mwaka 2017, kila kinachotambaa juu ya jani kimekuwa mshukiwa, na hukumu yake ni dawa au moto. Hukumu hiyo huwaangamiza wadudu wasio na kosa. Tena humwacha mtu bila kinga dhidi ya wale wachache wanaoweza kumdhuru, kwa kuwa hajui kuwatofautisha.

Nondo na vipepeo ni ukoo mmoja mkubwa. Wanasayansi wameshaelezea spishi zipatazo 160,000 za ukoo huo duniani, na takriban tisa katika kila kumi ni nondo. Wengi wao hawana haja na mahindi wala maharagwe. Wawili wa misitu ya Afrika wanatosha kuonyesha kwa nini sura pekee haitoshi kumhukumu kiwavi.

Mwenye miiba asiye na sumu

Wa kwanza ni Bunaea alcinoe. Kiwavi wake ni mnene na mweusi, ana safu za miiba ya rangi ya maziwa au manjano mgongoni, na madoa mekundu ubavuni. Hula majani ya Cussonia, ya krotoni, jamii ya mti ambao Wakalenjin huuita tebeswet, na ya miti mingine kadhaa ya asili. Ukimwona kwa mara ya kwanza unaweza kuruka nyuma, lakini miiba ile haina sumu. Kazi yake ni kuwatisha ndege.

Akishiba hushuka chini na kujizika udongoni, akageuka bundo bila kufuma kifukofuko. Nondo anayetoka humo ni mkubwa: mabawa yake yakikunjuliwa huweza kupita sentimita 12. Ana rangi ya kahawia iliyoiva, na kwenye kila bawa la nyuma kuna doa la rangi ya chungwa lililozungukwa na duara jeusi, mfano wa jicho. Hana kinywa cha kulia. Huishi siku chache kwa mafuta aliyojiwekea alipokuwa kiwavi, na muda huo wote ni wa kutafuta mwenzi. Dume hunasa harufu ya jike gizani kwa papasi zake zilizochanuka mithili ya unyoya.

Mwenye manyoya ya kuchoma

Wa pili ni Anaphe panda, ambaye watafiti wamemchunguza kwa miaka mingi katika Msitu wa Kakamega, safari ya saa chache kwa gari kutoka Eldoret. Nondo wake ni mdogo, mweupe mwenye mikanda ya kahawia iliyokoza. Jike hutaga mamia ya mayai kwa pamoja na kuyafunika kwa nywele za tumbo lake. Viwavi huishi kwa kundi juu ya mti wa Bridelia micrantha na hutembea kwa msafara, mmoja nyuma ya mwingine. Wakikomaa hufuma pamoja kiota kimoja cha hariri ya kahawia, na ndani yake kila mmoja hujisokotea kifukofuko chake. Hukaa humo kwa miezi kadhaa kabla ya kutoka wakiwa nondo.

Huyu hana miiba ya kutisha, ila ndiye wa kujihadhari naye. Manyoya yake ni membamba, yana ncha kali, na hukatika upesi. Yakichoma ngozi husababisha mwasho, uvimbe na vipele. Yakiingia jichoni au yakivutwa na pumzi, madhara huwa makubwa zaidi. Manyoya hubaki ndani ya kiota hata wenyewe wakishaondoka, hivyo mtoto anayechezea kiota kikuukuu naye yumo hatarini. Kukitia moto si suluhisho: anayekikata na kukibeba hutimua manyoya hayo hewani.

Ukiguswa, usijikune wala kusugua. Bandika selotepu juu ya ngozi na kuibandua ili iondoe manyoya, kisha osha kwa maji mengi na sabuni, uvue nguo ulizovaa na kuzifua peke yake. Jicho lisafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa. Maumivu ya jicho yasiyotulia, uvimbe wa uso au shida ya kupumua ni sababu ya kwenda hospitali mara moja.

Si kila mdudu ni kitoweo

Magharibi mwa Kenya kumbikumbi ni chakula cha heshima, na wadudu wengi wana protini nzuri. Hata hivyo, desturi hiyo haimhusu kila kiwavi. Tangu miaka ya 1950 madaktari wa kusini magharibi mwa Nigeria waliona ugonjwa uliorudi kila msimu wa mvua. Mtu aliyeonekana mwenye afya alikula chakula chake, na baada ya saa chache akaanza kutetemeka, kupepesuka na kutamka maneno kwa shida. Katika miaka ya 1990 daktari wa mishipa ya fahamu, Bola Adamolekun, aliuhusisha na ulaji wa Anaphe venata, ndugu wa huyu wa Kakamega.

Viwavi hao wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, nacho huvumilia joto kuliko vimeng'enya vingi. Ubongo huhitaji vitamini hiyo ili kupata nguvu kutokana na wanga. Walioathirika zaidi walikuwa watu maskini waliotegemea mihogo na vyakula vingine vya wanga, ambao tayari walikuwa na upungufu wa vitamini hiyo. Mlo wa viwavi ukamaliza kile kidogo kilichobaki. Walipopewa vitamini B1 hospitalini, walipata nafuu.

Faida ya kiota

Kiota cha Anaphe, pamoja na hatari yake, ni mali. Wayoruba wa Nigeria wamefuma kitambaa chao maarufu cha sanyan kwa hariri ya Anaphe. Hapa Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimefanya kazi na wakazi wa karibu na Msitu wa Kakamega kuendeleza hariri ya mwituni. Hariri hii haifumuliwi uzi mmoja mrefu. Huchemshwa kwanza, kisha husokotwa kama pamba, kwa hiyo kiota kinaweza kuvunwa nondo wakishatoka. Nzi na nyigu vimelea huwaua viwavi wengi wachanga, na kufunika matawi kwa wavu huwaokoa. Bila miti wanayoila kama Bridelia, hata hivyo, hakuna kiwavi wala hariri.

Namna ya kumtambua

Anza na mti. Viwavi wengi huchagua majani, kwa hiyo jina la mti hupunguza sana orodha ya wanaowezekana. Piga picha ya kiwavi kwa juu na ubavuni, na ya jani analokula, ukiweka rula au sarafu kando ili ukubwa ujulikane. Andika tarehe, mahali, na kama alikuwa peke yake au kundini. Usimshike kwa mkono mtupu. Kwa nondo, tundika shuka jeupe mbele ya taa usiku, umpige picha akiwa ametua na mabawa yake yaonekane.

Kumbukumbu hizo zinaweza kulinganishwa na mkusanyiko wa wadudu wa Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, au kupelekwa kwa wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Moi. Shule zilizo karibu na misitu ya Kaptagat na Nandi zinaweza kuanza msimu huu. Mwanafunzi anayejua kiwavi yupi wa kuachwa mtini na yupi wa kukaa naye mbali ameshajikinga yeye na wadogo zake, na elimu hiyo haimgharimu ila daftari, penseli na macho.